Meza Aliyoiandaa Mama

Kuku wetu walikula mkate wa Bwana miaka mingi kabla ya mama. Sisemi utani. Kila Jumamosi inayotangulia Ushirika Mtakatifu mama alikuwa akinunua mkate mweupe wa dukani, ananawa mikono mpaka kwenye viwiko, anafunga kitambaa safi kichwani, kisha anaukata vipande vidogo vidogo vya kutosha kanisa zima. Yale maganda ya pembeni hayakufaa mezani, kwa hiyo aliyakusanya kwenye bakuli na kuyamwaga uani. Kuku walikuja mbio. Vipande vyenyewe alivipanga kwenye sahani, akavifunika kwa kitambaa alichokifua na kukipiga pasi kwa mkono wake, na hata chembe moja haikufika mdomoni mwake.

Kanisa letu, pale nje kidogo ya Kitale, lilikuwa na sheria. Mwanamke ambaye ndoa yake haikufungwa kanisani hakuruhusiwa kugusa Ushirika. Kugusa kwa mdomo, nieleweke. Kugusa kwa mikono aliruhusiwa, tena alihimizwa, maana hakuna aliyekata mkate vizuri kama yeye.

Baba na mama walioana kwa mila huko kwao, upande wa kati wa Kenya, kabla ya kuja Trans-Nzoia kutafuta shamba. Mbuzi walipelekwa, pombe ya wazee ikanywewa, shangazi wakamleta mama nyumbani wakiimba. Kwa baba hiyo ilikuwa ndoa, imeisha, tuongee mambo mengine. Kwa kanisa hao walikuwa watu wawili wanaoishi pamoja, na bahati mbaya walikuwa wamezaa.

Mchungaji wetu naye alikuwa bingwa wa neema. Haki, mtu huyo angeweza kuhubiri neema kuanzia wakati wa kulima mpaka mahindi yaingie ghalani. Neema hainunuliwi. Neema haina masharti. Mtu hakui kiroho kwa nguvu zake, anakuzwa na neema, jinsi mhindi unavyokuzwa na mvua ambayo haukuiomba. Watu wanasema Amina, mama anasema Amina kushinda wote, halafu wimbo wa meza unaanzishwa na mama anainuka, anatoka kwa mlango wa nyuma, anaenda jikoni kuwasha moto wa chai ya wazee wa kanisa. Neema ilikuwa bure kabisa. Ila ilikuwa inauliza cheti mlangoni.

Kulikuwa pia na darasa la kukua kiroho. Asiyefika mezani alihesabiwa kuwa mtoto mchanga katika imani, kwa hiyo mama aliwekwa darasa moja na vijana waliokuwa wanajiandaa kuthibitishwa, ambao wengine wao yeye ndiye aliyewashika mama zao mkono siku walipozaliwa. Alikaa nao kwenye viti vya plastiki akiulizwa matunda ya Roho ni yapi. Vijana wakikwama, walimgeukia yeye awanong'onezee. Mwisho wa mwaka wao walithibitishwa, wakala, wakaacha kuja kanisani. Mama akaanza darasa upya na kundi jipya.

Mimi ilikuwa inaniuma, nawaambia. Nilikuwa nikimuuliza, "Mama, si uwaache wakate mkate wao wenyewe?"

"Na ukatwe vibaya?" alikuwa akinijibu. "Wewe una hasira ya baba yako. Nyamaza."

Lakini nilimjua. Jumapili za Ushirika alikuwa akirudi nyumbani amechoka kuliko siku za kupalilia. Alikuwa na njaa ya kipande kile kidogo, njaa ya kweli, na hakuna chakula kingine kilichoiondoa. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, na kanisa letu lilikuwa limeshiba.

Baba hakuwa mpagani. Sikukuu ya mavuno alikuja, mazishi alikuja, akakaa benchi la nyuma, kofia magotini. Mahindi ya kanisa alitoa magunia ambayo baadhi ya wazee wa kanisa hawakutoa. Lakini ukimtajia arusi anacheka. "Nioe tena? Kwani huyu niliye naye amekwisha?"

Basi mwaka mmoja, miaka ile ya elfu mbili simu za mkononi zilipoanza kuingia mashambani, kanisa likatangaza kwamba ndoa zote za zamani zitabarikiwa pamoja, Jumamosi moja, watu wasije na visingizio vya gharama. Mama alimwambia baba asubuhi, wakinywa uji. Baba akafikiri. Akasema, "Kama ni kuvaa suti, nitavaa."

Mimi wakati huo nilikuwa nimeolewa Bungoma, fundi wa nguo, cherehani yangu ikikaa kwenye varanda ya duka karibu na soko. Mama alinipigia kwa simu ya jirani, na alikuwa anapiga kelele kana kwamba anataka sauti ifike bila simu.

"Baba yenu amekubali! Nishonee nguo. Isiwe nyeupe, watu watasema."

"Watasema nini, mama?"

"Watasema ni nyeupe!"

Akaja Bungoma kupimwa. Nilimchagulia kitambaa cha rangi ya maziwa, akakipapasa na kunilaumu kwamba ni laini mno kwa mtu wa gamubuti za shambani. Alisimama mbele ya kioo changu kidogo, nikiwa nimejaza pini mdomoni, akaniambia polepole, "Nitakula, unajua. Nitakaa benchi la mbele na nitakula." Nilitoa pini moja mdomoni, nikabana pindo.

Alilala kwetu, na Jumapili tukaenda naye kanisani kwa wakwe zangu. Hapo nilifanya kosa, nilisahau kumweleza jambo moja. Kanisa la wakwe zangu halina mkate, halina kikombe, hata ubatizo wa maji halina. Wao husema hayo yote ni mambo ya moyoni. Mama hakujua. Alichagua kukaa karibu na mlango, mkoba mapajani, tayari kutoka nje meza ikifika, asiwape wenyeji kazi ya kumtoa. Watu wakaimba. Wakahubiriwa. Wakakaa kimya kidogo wakimngoja Roho. Wakatangaziwa mkutano wa kina mama, wakaombewa, kwisha. Mama alibaki ameshika mkoba.

Nyumbani mama mkwe wangu alikuwa amechinja kuku. Huyo ni mtu mkubwa wa mwili na wa kicheko, na hana neno la kuficha. Mama alimuuliza kwa heshima, "Mkwe, meza yenu huwa Jumapili gani?"

"Meza gani?"

"Ya Bwana."

"Aaa! Hiyo sisi hatuna bana. Sisi tunakura kwa roho tu." Akamwekea mama paja la kuku. "Kwani kwenu hawakupi?"

Mama akamweleza, kifupi, bila kulalamika. Mama mkwe aliacha kutafuna. "Ati nini? Na mkate unakata wewe?" Akanitazama mimi nithibitishe, nikathibitisha. "Kuja kwetu basi! Sisi hatuulizi mtu harusi. Utakaa hapa mbere na mimi."

"Asante, mkwe," mama alisema. "Lakini mimi nina njaa ya ule mkate."

Nilipomsindikiza kesho yake ndipo alipolipuka. "Kanisa gani lile? Hata cha kunyimwa hawana!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Yeye hakucheka.

"Unacheka nini? Mimi nimengoja kitu miaka hii yote. Kumbe kuna watu hawakihitaji hata kidogo, na Mungu anawakuza vilevile. Umemwona mama mkwe wako? Yule mtu ana upendo kushinda wazee wetu wote wa kanisa. Sasa neema yao inaingilia wapi?"

"Muulize mchungaji wako."

Akamuuliza kweli. Mchungaji akamjibu kwamba wale ni ndugu zetu, njia yao ni tofauti, na sisi tunawaachia Mungu. Mama aliniletea jibu hilo kwa simu ya jirani. "Hao anawaachia Mungu," aliniambia. "Ni mimi peke yangu anayeogopa kumwachia Mungu."

Masomo ya arusi yakaanza. Walimu walikuwa mwinjilisti kijana na mkewe, waliooana juzi juzi, wakaja kuwafundisha wazee jinsi ya kuvumiliana ndani ya nyumba. Somo la kwanza lilikuwa kuongea bila kupandisha sauti. La pili lilikuwa mwanamume kusaidia jikoni. Baba alienda, akasikiliza, akarudi akiwa amechangamka. Aliniambia kijana yule ana maneno mazuri sana, na siku akipata mtoto wa kwanza atayasahau yote. Nilishona haraka. Nilianza kuamini.

Somo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Mwinjilisti alieleza utaratibu wa siku yenyewe: kabla ya viapo, kila wawili watasimama mbele ya kanisa na kutubu kwa kuishi pamoja bila ndoa. Ni jambo dogo, alisema, sentensi moja tu. Baba aliuliza, "Nitubu nini?" Akarudiwa. Akachukua kofia yake, akaaga kila mtu kwa mkono, akaenda zake.

Nilipopata habari nilifunga cherehani nikaenda Kitale, nimekasirika njia nzima. Hata Kimilili tulipopita sikuiona. Nilimkuta baba uani, amekaa kwenye gunia, anachagua mbegu ya mahindi juu ya turubai. Hata salamu sikumaliza.

"Baba, si useme tu? Sentensi moja, mama akule mkate!"

"Sema wewe, nisikie inavyoenda."

"'Natubu kwa kuishi na huyu mwanamke bila ndoa.'"

"Aha." Akachagua mbegu kadhaa. "Wacha nikuulize. Mtu akitubu jambo, si anasema kwamba angepewa nafasi ya kurudi nyuma, asingelifanya?"

"Ndiyo."

"Sasa umejijibu."

"Baba!"

"Mimi natubu, usifikiri situbu. Nilimchapa jirani kwa sababu ya mpaka, natubu. Nililewa siku ya mazishi ya baba yangu, hiyo natubu mpaka leo. Waniletee yote kwenye karatasi nisome. Lakini mama yenu? Mama yenu simtubu. Ng'o! Nikisimama pale niseme kumchukua yule msichana ilikuwa dhambi, Mungu mwenyewe atanishangaa. Atasema, huyu nilimpa kitu kizuri na sasa ananiomba msamaha."

 Nikaenda jikoni. Mama alikuwa anaponda viazi na mahindi, na dirisha la jikoni lilikuwa wazi, kwa hiyo alisikia kila kitu. Nilijua nitamkuta analia au amenuna. Aliniambia nimpe chumvi.

"Umesikia mtu wako?" nikamuuliza.

"Nimesikia." Akaponda, akaponda. Halafu nikaona anatabasamu, tabasamu la msichana kabisa, na machozi yanashuka juu yake. "Hebu niambie, Kitale hii yote, kuna mwanamke mwingine ambaye mumewe amekataa kumtubu?"

"Lakini mkate, mama."

"Mkate naukosa," alisema. "Wacha nilie kidogo." Akalia kidogo, akafuta uso kwa kiganja, akapakua. Nilimwonea wivu na nikamhurumia, vyote kwa pamoja, na hasira yangu ikakosa mahali pa kukaa.

Jumamosi ya baraka ilifika. Wazee walipendeza, mabibi arusi wenye wajukuu walipendeza zaidi, wote wakatubu vizuri. Chakula kilisifiwa sana. Aliyepika ni mama. Ile nguo ya rangi ya maziwa niliiuza kwa bibi arusi mmoja wa Kimilili, ilibidi niiongezee kitambaa kiunoni.

Baada ya hapo maisha yaliendelea kama zamani. Mama alikata mkate, baba alilima. Jumapili za Ushirika baba alianza tabia mpya: alikuwa anakuja mpaka nyuma ya kanisa, anaingia jikoni, anampasulia mama kuni za ile chai ya wazee. 

Kisha, mahindi yakiwa yamefika magotini, baba akaugua kifua. Tulimpeleka hospitali akarudi, tukampeleka tena hakurudi. Sitaki kuandika mengi hapo. Mama alikaa kwenye kitanda chao upande wa ukutani, upande wake wa siku zote, na ule upande mwingine hakuruhusu mtu aketi hata wa kumfariji. Mama mkwe wangu alikuja kutoka Bungoma, akaketi sakafuni karibu naye siku nzima, hakuhubiri lolote.

Baba alipozikwa mchungaji alihubiri neema, na alihubiri vizuri, lazima niseme ukweli. Wiki chache baadaye alikuja nyumbani kumtazama mjane, pamoja na wazee wawili wa kanisa. Nilikuwepo, nawamiminia chai. Mchungaji alimpa mama pole, akamsomea zaburi, akakohoa.

"Mama, Mungu ana njia zake," alisema kwa upole. "Sasa wewe ni mjane, na mjane haishi na mtu. Kwa hivyo, upande wa meza, sasa hakuna kizuizi."

Kizuizi. Kizuizi ni baba yangu! Nilikuwa nimeshika birika la moto, na Mungu ananijua, nilifikiria. Yaani ile neema isiyo na masharti ilikuwa inangoja mazishi tu. Miaka yote ya kukata mkate haikutosha, miaka yote ya Amina haikutosha, lakini mtu akiingia kaburini, karibu mezani!

Wazee waliitikia kwa vichwa wakimfurahia. Walidhani wamemletea zawadi, maskini, na nafikiri kweli walikuwa wanampenda. Mama aliwatazama mmoja mmoja.

"Mwongeze mchungaji chai," akaniambia. 

Jumapili ya Ushirika ilipokaribia nilikwenda Kitale, maana sikutaka awe peke yake. Asubuhi aliniambia tutakaa mbele. Tukakaa mbele, benchi la washiriki kamili, na wanawake wakasogea kumpa nafasi, mmoja akambana mkono kwa furaha. Wimbo wa meza ukaanzishwa. Kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilimwona mama akiusikia wimbo ule akiwa ameketi.

Sahani ikaanza kupita. Kwa benchi letu ilishikwa na mzee mmoja jirani yetu, mmoja wa wale wawili waliokuja nyumbani, mtu mpole. Alifika mbele ya mama, akainama, akatabasamu. Mama hakunyoosha mkono.

"Chukua, mama," mzee alinong'ona.

"Nichukue nikiwa nani?"

Mzee hakuelewa. "Ukiwa… si ni wewe tu, mama."

"Mimi ni mke wa mtu," mama alisema. Hakupaza sauti, lakini kanisa lilikuwa kimya na maneno yalifika mpaka mlangoni.

"Ulikuwa, mama. Mungu amlaze mahali pema."

"Sikuwa. Niko. Yeye hakutubu kunioa, na mimi sikutubu, na sasa yeye hawezi tena, kwa hivyo na mimi sitatubu. Nikila leo nakula hivyo, mke wa mume wangu. Kama hivyo haifai, pitisha sahani, mzee, sitakasirika."

Mzee alibaki na sahani hewani. Haikuandikwa mahali popote afanye nini. Alimgeukia mchungaji, na sisi sote tukamgeukia mchungaji, na mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa benchi kwa mikono miwili. Nilitaka mama ale. Nilitaka ale kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote, na nilijua kabisa kwamba akiambiwa hapana atainuka kwa adabu aende jikoni kuwasha moto.

 Kwa mara ya kwanza nilimwona mchungaji hana la kuhubiri. Aliutazama mkate mezani, akamtazama mama, uso wake ukabadilika, sijui niseme uliona aibu au uliona kitu kingine. Halafu akashuka ngazi, akaipokea ile sahani kutoka kwa mzee, akapiga goti moja ili awe sawa na mama aliyeketi, akamshikia mwenyewe.

"Kula, mama," alisema.

Mama alichukua kipande kimoja. Alikishika kwanza, akakitazama, akakitia mdomoni na kufumba macho. Alitafuna polepole sana, machozi yakimchuruzika mpaka kidevuni, na hakuyafuta. Wazee walikuwa tayari wameinua trei za vikombe. Mchungaji, bado goti likiwa chini, akawaonyesha kwa mkono wangoje. Tukangoja, kanisa zima, mpaka akamaliza.